Kukodi katamarani Shelisheli na marafiki: mwongozo kamili kwa vikundi vya Lubumbashi

Vikundi vya marafiki wanaotoka Lubumbashi kwenda kukodi boti ya matanga Shelisheli hukwama mahali palepale. Kadi ya benki inakataa garanti, yaani fedha za dhamana ya boti, watu wakiwa wameshafika gatini. Maji ya mabomba yanaisha siku ya nne. Usiku nanga inaburuzwa huku wote wamelala. Karibu kila mara kosa lilianza nyumbani, wiki nyingi kabla, kwa kitu ambacho hakuna aliyekihesabu.

Boti ina vitanda kadhaa, lita kadhaa za maji, mita kadhaa za mnyororo na saa kumi na mbili tu za mwanga. Mkishatoka gatini hakuna duka la kona wala jirani wa kumgongea mlango. Ndiyo maana mwongozo huu unahesabu zaidi kuliko unavyosifu fukwe. Mfano wetu ni marafiki 8, siku 7, katamarani (boti ya matanga yenye miili miwili iliyounganishwa) ya futi 42 hadi 45, na nahodha wa kulipwa. Mkiwa wachache au wengi zaidi, badilisheni hesabu, hatua zibaki zilezile. Saa zote hapa ni za mtindo wa saa 24.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kwa kila mtu:

- Pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele baada ya tarehe ya kurudi.
- Kadi ya manjano yenye chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kongo bila hiyo anaweza kuzuiwa.
- Tiketi ya kwenda na kurudi.
- Bima ya safari inayolipa matibabu na kumsafirisha mgonjwa.
- Mfuko laini wa nguo. Sanduku gumu halina mahali pa kuwekwa ndani ya chumba cha boti. Litalala kitandani nanyi wiki nzima.
- Viatu vya kuingilia majini, kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu la kuogelea, mafuta ya kukinga jua, taa ya kichwani.
- Dawa ya kichefuchefu cha bahari, iliyoulizwa kwa mfamasia au daktari.
- Kamba ya mita 2 ya kufanyia mazoezi ya mafundo.

Kwa kikundi:

- Kadi moja ya mkopo yenye kikomo kinachozidi garanti ya boti (soma Hatua ya 3 kwa makini).
- Sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na unga wa chumvi na sukari wa kuongezea mwili maji.
- Daftari, kalamu mbili, na mfuko mmoja usiopenya maji kwa ajili ya pasipoti zote.

## Hatua ya 1: Chagueni upepo kabla ya tarehe

Shelisheli inatawaliwa na pepo zilezile mbili za pwani ya Waswahili. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban Mei hadi Septemba. Ni kavu na ina nguvu, mara nyingi noti 15 hadi 25. Kaskazi hutoka kaskazini-magharibi, Desemba hadi Machi. Ni dhaifu kuliko kusi lakini inaleta mvua, na Januari ndiyo yenye mvua kubwa. Katikati yake, karibu Aprili na tena Oktoba kuelekea Novemba, ni maleleji: upepo unalegea na bahari inatulia.

Noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Upepo wa noti 20 unakwenda kilomita 37 kwa saa.

Mtego wa watu wa Lubumbashi ni konji kubwa, yaani likizo ndefu. Julai na Agosti watoto hawasomi na wazazi wanapata ruhusa kazini, lakini huko baharini kusi imepamba moto. Kwa kikundi cha mara ya kwanza, chenye watu wasiojua kuogelea, Aprili au Novemba ni bora kabisa. Kama Julai haikwepeki, nendeni, ila mkubali tangu sasa kwamba mtalala upande wa kaskazini na magharibi wa visiwa, ambako mlima unakinga upepo. Visiwa vikuu viko nje ya njia ya kawaida ya vimbunga, hilo lisiwatie hofu.

Mmefaulu ikiwa: kwenye daftari kuna tarehe, jina la upepo wa tarehe hizo, na upande wa kisiwa mtakaolala.

## Hatua ya 2: Teueni kapita, fungeni sanduku

Nahodha anaongoza boti. Kapita anaongoza kikundi: anashika karatasi, anapokea fedha, anasema na kampuni. Awe mmoja tu. Kampuni ikipata ujumbe kutoka kwa watu watatu wenye maswali matatu tofauti, jibu la mwisho halijulikani ni lipi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Likelemba ya kawaida, yaani mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, haifai kwa safari hii. Katika likelemba mtu anakula zamu yake, na aliyekula Machi atakuwa ameshalipia ada za shule au mabati kabla ya Julai. Tumieni sanduku lisilogawanywa: kila mmoja anaweka kiasi kilekile kila mwezi, kwenye akaunti inayohitaji sahihi mbili, na hakuna anayegusa hadi siku ya kulipa boti.

Hesabu ya kila mmoja ni hii: bei ya boti + ujira wa nahodha kwa siku 7 + usafi wa mwisho + mafuta ya injini + ada za hifadhi + posho, jumla igawanywe kwa 8. Ongezeni asilimia 15 ya akiba. Nahodha hagawani gharama, lakini anakula. Tiketi ya ndege kila mtu anajilipia.

Onyo: andikeni mapema atakayejitoa anarudishiwa nini. Sehemu ya boti iliyokwisha kulipwa hairudi kwa urahisi. Kama hakuna karatasi, wanaobaki watabeba mzigo wake, na urafiki utaumia.

## Hatua ya 3: Mkataba, vitanda na garanti

Hapa ndipo vikundi vingi vinaanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Vitanda. Katamarani yenye vyumba 4 vya watu wawili inaonekana kama imekatwa kwa kipimo chenu. Lakini nahodha akipanda mko 9, naye anahitaji kulala. Baadhi ya boti zina chumba kidogo cha baharia kwenye omo, yaani ncha ya mbele, chenye mlango wa juu. Ulizeni kwa maandishi: chumba hicho kipo, kina godoro, kina hewa? Kama hakipo, pungueni muwe 7. Nahodha wa kulazwa sebuleni, watu wakicheza karata hadi usiku wa manane, hapati usingizi; na nahodha asiyelala ni hatari kwa wote.

Je, mwende bila nahodha? Kampuni itataka uthibitisho wa ujuzi wa matanga. Kuendesha boti ya injini ziwa Tshangalele si ujuzi huo. Mlipeni nahodha, anajua miamba, anajua ni ghuba ipi inayochafuka upepo ukigeuka, na wengi wao huzungumza Kifaransa pamoja na Krioli na Kiingereza.

Mkataba. Ombeni nakala ya Kifaransa na someni haya kabla ya kuweka sahihi:

- Jina la boti na mwaka iliotengenezwa. Sentensi ya "boti hii au inayofanana" si kosa, ila muulize inayofanana ni ipi.
- Idadi ya juu ya watu, pamoja na nahodha.
- Maeneo yanayoruhusiwa na saa za kusafiri. Kusafiri usiku kwa kawaida hakuruhusiwi.
- Bima inalipa nini na hailipi nini. Boti ya mpira iliyopotea kwa sababu haikufungwa vizuri mara nyingi ni juu yenu.
- Malipo: mara nyingi nusu siku ya kuagiza na salio wiki 4 hadi 8 kabla ya safari.

Lipeni kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa na picha nzuri kiasi gani.

Garanti. Mnaijua garanti ya nyumba: mnaweka fedha, mkitoka bila kuharibu zinarudi. Ya boti ni hivyohivyo, lakini ni maelfu ya euro, na haitolewi mkononi. Benki inazuia kiasi hicho kwenye kadi siku ya kupokea boti. Kadi ya kulipia kabla mara nyingi haikubaliwi kwa zuio la namna hii. Kadi ya kawaida inaweza kukataa kwa sababu kikomo cha siku ni kidogo kuliko garanti, hata kama akaunti ina fedha.

Fanyeni hivi. Wiki 6 kabla, mwenye kadi aende benki yake mjini na mkataba mkononi. Aombe mambo matatu kwa maandishi: kikomo kipandishwe kwa siku za safari, kadi ifunguliwe kutumika Shelisheli, na zuio la garanti likubaliwe. Kisha kapita aiulize kampuni kama inauza njia ya pili: ada ndogo isiyorudi ambayo inapunguza garanti. Kwa wengi wetu njia hiyo ndiyo yenye amani, ingawa ni fedha iliyokwenda.

Mmefaulu ikiwa: mna mkataba wenye sahihi mbili, barua ya benki, na jibu la maandishi kuhusu kitanda cha nahodha.

## Hatua ya 4: Karatasi za kuingia

Shelisheli haidai viza, lakini kila msafiri lazima aombe kibali cha kusafiri kwa njia ya intaneti kabla ya kupanda ndege. Wataulizia tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Mahali pa kulala ni boti: pakieni mkataba wenye majina ya wote 8. Jina likikosekana kwenye mkataba, mwenye jina hilo atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, njia za kawaida ni kupitia Addis Ababa au Nairobi. Fikeni Mahé, kisiwa kikuu, siku moja kabla ya kuchukua boti. Mzigo ukichelewa au ndege ikikosa muunganiko, boti haiwasubiri kwa fidia. Saa za huko ziko mbele ya Lubumbashi kwa saa 2.

## Hatua ya 5: Jifunzeni majini mkiwa bado nyumbani

Kila mtu apimwe kwenye bwawa, wiki 8 kabla: kuogelea mita 50 bila kusimama na kuelea dakika 5. Asiyeweza aanze masomo sasa. Asiyefaulu bado anakuja, lakini atavaa jaketi la kuokolea kila boti inapotembea na kila anapopanda boti ya mpira. Liamueni hilo Lubumbashi. Likiamuliwa mbele ya bahari, mtu ataona haya na atalikataa.

Kila mmoja ajue pia mafundo matatu, kwa macho yaliyofumbwa:

1. Kitanzi kisichokaza wala kulegea chenyewe, cha kufungia boti kwenye nguzo.
2. Kufunga kamba kwenye jino la chuma la sitaha: zungusha mara moja chini, vuka kwa umbo la nane, maliza kwa kitanzi kilichogeuzwa.
3. Mizunguko miwili na vifundo viwili, cha kufungia boti ya mpira.

Mmefaulu ikiwa: mtu anafunga la kwanza ndani ya sekunde 10 gizani.

## Hatua ya 6: Posho na maji

Anzeni na maji, maana ndiyo yanayoisha. Tangi za katamarani ya ukubwa huu hutofautiana sana, kati ya lita 300 na 800. Ulizeni ya kwenu. Tuseme ni lita 600. Watu 9 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 180. Siku ya nne asubuhi mabomba yanakohoa. Wakitumia lita 12, ni lita 108, na tangi linafika siku ya sita.

Namna ya kufika lita 12: ogeni baharini kwa sabuni kidogo inayooza, kisha suuzeni kwa maji baridi ya bomba kwa sekunde 30. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari mkiwa mbali na gati, visuuzwe kwa maji matamu. Zaidi ya hapo, pangeni kujaza tangi katikati ya wiki. Nahodha atawaambia gati, kwa kawaida ni Baie Sainte Anne, kisiwani Praslin.

Maji ya kunywa yawe pembeni: lita 3 × watu 9 × siku 7 = lita 189. Nunueni 190, kwa madumu makubwa, ili plastiki isijae boti.

Chakula kinunuliwe Victoria, mji mkuu ulio Mahé. Soko la Sir Selwyn Selwyn-Clarke lina samaki, mboga na viungo. Jumamosi asubuhi ndiyo siku yake. Msibebe sombe (majani ya muhogo) mbichi, nyama wala matunda kutoka nyumbani. Forodha ya visiwa inaogopa wadudu na magonjwa ya mimea, na ina haki. Anayetaka kubeba unga wa bukari (ugali) abebe mfuko wa kiwandani ambao haujafunguliwa na autangaze akifika. Gramu 200 kwa mtu kwa mlo: kilo 1.8 kwa bukari moja ya watu 9. Bukari isongwe boti ikiwa imetia nanga tu. Sufuria ya maji yanayochemka kwenye mawimbi imeunguza miguu mingi.

Pangeni milo mitatu ya moto kwa siku mbili za kwanza, siyo zaidi. Wengi watakuwa hawana hamu mpaka mwili uzoee.

## Hatua ya 7: Kupokea boti

Tengeni saa 2 hadi 3. Mfanyakazi wa kampuni atataka kwenda haraka. Kapita amwombe kwa heshima asikimbie. Wawili wasikilize na kuandika, wawili wapige picha, wanne waende sokoni.

Kaguzi kwa mpangilio huu:

- Ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Fungueni mbao za sakafu, katika pande zote mbili. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: humo ndimo boti inamoficha ukweli. Pawe pakavu. Mkikuta maji, onjeni tone: ya chumvi yanatoka nje, na hamtoki gatini mpaka chanzo kijulikane.
- Injini mbili. Ziwashwe zote. Kila moja iteme maji nje pamoja na moshi. Isipotema, haipozwi na itaungua.
- Nanga. Shusheni mita 5, pandisheni. Ulizeni mnyororo una mita ngapi na rangi zake zinamaanisha mita ngapi.
- Betri. Zikiwa zimejaa na kupumzika zinasoma karibu volti 12.7. Ziandikwe. Zikishuka chini ya 12.2 mtawasha injini kuzichaji, la sivyo jokofu litazimika na samaki ataharibika.
- Vyoo. Kila mtu apige pampu mwenyewe. Sheria ni moja: kisichopita tumboni hakiingii chooni. Pedi au karatasi nzito moja inaziba bomba, na atakayelizibua ni mmoja wenu.
- Gesi. Bomba la chupa lifungwe kila baada ya kupika. Gesi ni nzito kuliko hewa. Inazama ngamani na kungoja cheche.
- Usalama. Majaketi 9 yaliyojaribiwa mwilini, fataki za hatari zisizopita tarehe, vizima moto, boya la kurusha, redio ya VHF.
- Boti ya mpira. Injini yake, makasia, pampu, mafuta, na ile kamba nyekundu ya kuzimia injini. Anayeendesha anaifunga mguuni au mkononi, bila kisingizio. Akianguka bila kamba hiyo, boti inazunguka na kumrudia na panga la injini.

Pigeni picha kila mkwaruzo, pamoja na upande wa majini mkiwa ndani ya boti ya mpira. Vaeni miwani ya kuzamia mtazame usukani na mikuku. Kila dosari iandikwe kwenye fomu kabla ya sahihi. Dosari isiyoandikwa ni yenu.

Mmefaulu ikiwa: kila mmoja anajua jaketi lake liko wapi, na wawili wasio nahodha wanaweza kuwasha injini.

## Hatua ya 8: Njia ya siku 7

Mahé na Praslin zimetengana karibu maili 25 za baharini, Praslin ikiwa kaskazini-mashariki. Bahati nzuri ni kwamba kusi na kaskazi zote hupiga boti ubavuni kwenye njia hiyo, kwenda na kurudi, na huo ndio mwendo mtamu wa katamarani. Kwa noti 6 ni zaidi kidogo ya saa 4.

Usiku wa kwanza laleni karibu, kwenye hifadhi ya bahari ya Sainte Anne mbele ya Victoria, mjifunze boti. Kesho yake ondokeni kabla ya saa 8:00 kwenda kisiwa cha Curieuse, ghuba ya Baie Laraie, kwenye kobe wakubwa wanaotembea huru. Siku ya tatu Anse Lazio, kaskazini mwa Praslin: nzuri wakati wa kusi, mbaya wakati wa kaskazi kwa sababu mawimbi yanaingia moja kwa moja. Siku ya nne Baie Sainte Anne: jazeni maji, mtembelee Vallée de Mai, msitu wa mnazi wa coco de mer ulio kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1983. Siku ya tano La Digue, maili 4 hivi tu, kodini baiskeli. Siku ya sita rudini Mahé. Siku ya saba asubuhi mnakabidhi.

Cousin na Aride ni hifadhi za ndege. Boti yenu ya mpira haigusi ufuo wake. Walinzi huja kuwachukua kwa boti yao, ili panya asiingie kisiwani. Mshale wa kuvulia samaki ni marufuku nchi nzima. Makombe na matumbawe yabaki yalipo, na coco de mer haitoki bila cheti.

Grand Anse ya La Digue ni nzuri kwa macho, lakini wakati wa kusi mkondo wake unavuta watu nje. Picha tu.

## Hatua ya 9: Kutia nanga

Someni hatua hii mara mbili. Nahodha atasimamia, lakini mikono kwenye omo ni yenu, na usiku atakayeamka kwanza huenda ni wewe.

Muda. Jua huzama karibu saa 18:10 hadi 18:40 mwaka mzima. Fikeni saa 15:00. Jua likiwa juu, mchanga unaonekana wa kijani hafifu au buluu nyeupe. Matumbawe na nyasi vinaonekana vyeusi. Saa 17:30 jua likiwa usoni, kila kitu ni kioo, huoni chochote.

Mahali. Mchanga tu. Nanga juu ya matumbawe inavunja kilichochukua miongo kukua, na mnyororo unanasa. Penye boya la hifadhi, tumieni boya na mlipe ada.

Hesabu. Pimeni kina, ongezeni urefu wa omo juu ya maji, ongezeni maji yatakayojaa usiku. Mfano: 6 + 1.5 + 1.5 = mita 9. Zidisheni kwa 5: mita 45 za mnyororo. Upepo ukizidi noti 20, zidisheni kwa 7. Sababu ni hii: nanga inashika ikivutwa kwa ulalo. Mnyororo mfupi unaivuta kwenda juu, unaing'oa kama mtu anayeng'oa muhogo.

Utaratibu:

1. Mmoja omo, mmoja usukani. Kubalianeni ishara za mkono kabla: mbele, nyuma, kati, simama. Sauti haifiki kwa sababu ya upepo na injini.
2. Endeni polepole mkiukabili upepo hadi mahali mlipochagua, boti isimame kabisa.
3. Injini iwe inawaka. Mashine ya nanga inakula umeme mwingi. Shusheni nanga mpaka iguse chini.
4. Boti irudi nyuma taratibu, mkilegeza mnyororo kidogokidogo. Ukimwagwa wote pamoja unakuwa rundo juu ya nanga na kuinasa.
5. Mita 45 zikiisha, fungeni kamba ya hatamu: ile yenye miguu miwili inayokwenda kwenye ncha mbili za katamarani. Yenyewe ndiyo inayobeba uzito wa boti, siyo mashine.
6. Injini nyuma, mizunguko 1,500 kwa dakika, sekunde 30. Tazameni vitu viwili ufukweni vilivyopangana, kwa mfano mnazi na jiwe nyuma yake. Vikibaki vimepangana, imeshika. Vikiachana, inaburuzwa.
7. Mmoja aingie majini na miwani akaitazame. Nanga iwe imezama mchangani.

Dalili ya kushindwa: wekeni mguu au kiganja kwenye mnyororo. Ukitetemeka kama gari kwenye barabara ya changarawe, nanga inakwaruza chini. Usiku wekeni kengele ya GPS ya simu. Boti itazunguka kwenye duara la karibu mita 55 kutoka nanga, kwa hiyo kengele iwekwe zaidi kidogo ya hapo, na jirani awe nje ya duara lenu.

Ikiburuzwa, msiongeze matumaini. Pandisheni yote, mrudie mwanzo. Kuna manahodha wazuri wanaorudia mara tatu.

## Hatua ya 10: Matanga na dharura

Katamarani hailali ubavu kuwaonya kwamba tanga limezidi upepo. Inakwenda vizuri, vizuri, kisha kitu kinakatika. Kwa hiyo punguzeni tanga kwa namba, siyo kwa hisia: mara ya kwanza karibu noti 18 hadi 20, mara ya pili karibu 25, au kama jedwali la boti linavyosema. Msizungushe demani, ile kamba inayovuta tanga, kwenye kiganja. Upepo ukivuta ghafla, vidole vinakwenda nao.

Kichefuchefu: dawa inywewe kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Mtu akae nje, atazame upeo wa macho, anywe maji kidogokidogo. Asishuke chumbani kulala.

Mtu akianguka baharini: mmoja apige kelele na kumwonyesha kwa kidole bila kuondoa macho hata sekunde moja; mwingine arushe boya; wa tatu abonyeze kitufe cha kuweka alama kwenye GPS; matanga yashushwe, injini iwashwe. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi hupotea haraka kuliko mnavyodhani.

Anayeanguka anaweza kuwa nahodha. Kwa hiyo wawili kati yenu wajue kukunja tanga la mbele na kutumia VHF: chaneli 16, "Mayday" mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali, shida ni nini, mko watu wangapi. Andikeni maneno hayo kwenye karatasi na kuibandika kando ya redio.

## Hatua ya 11: Kurudisha boti

Usiku wa mwisho laleni karibu na Mahé. Anayelala Praslin akitumaini kuvuka alfajiri anacheza na saa ya kukabidhi, na kuchelewa kunatozwa.

Jazeni mafuta njiani mkihifadhi risiti. Toeni taka zote. Mzamiaji wa kampuni atakagua chini ya boti. Kapita awe karibu na picha za siku ya kwanza zikiwa wazi kwenye simu. Kitu kilichoharibika kisemeni wenyewe kabla hakijaonekana. Ukali unapungua na bei pia.

Ombeni karatasi inayosema garanti imeachiliwa. Benki inaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kuondoa zuio, kwa hiyo kadi hiyo isitegemewe kwa hoteli ya usiku wa mwisho wala kwa teksi ya kutoka Luano. Zuio likishaondoka, kapita anafungua daftari mbele ya wote, anasoma risiti moja baada ya nyingine, na salio la sanduku linagawanywa kwa 8.